Kipanya Kilichotiwa Mafuta

Hakuna aliyemtuma. Mukeshimana aliamka mwenyewe, akaswali, akabandika chai, na alipoona binti yake ametoka kwenda kununua mkate, akachukua kichupa cha mafuta ya cherehani akaingia nacho chumbani kwake. Nia yake ilikuwa njema kabisa, na ugomvi mwingi wa majumbani huanzia hapohapo.

Mafundi wa nguo wa soko la Kimironko, naye akiwa mmoja wao, wana mila yao: kazi kubwa ikikaribia, mashine hunyweshwa mafuta. Idi ikiwa mlangoni utawaona safu nzima wameinama juu ya vyerehani vyao, kila mmoja anatia tone huku ananong'ona dua. Sasa Kaze, mtoto wake wa pekee, alikuwa na kazi kubwa Jumamosi. Mama hakuielewa vizuri. Alijua kwamba ni mchezo wa kompyuta, watano kwa watano, wa kuviziana na kupigana risasi za uongo mbele ya watu. Kwamba timu itakayoshinda itakwenda Nairobi. Na kwamba mwenye ukumbi wa mchezo huo amesema Kaze akicheza vizuri atamwajiri awafundishe wengine. Neno la ajira ndilo lililomwingia. Kaze alimaliza shule mwaka juzi, na tangu siku hiyo hakuna ofisi iliyomwita, hata kwa kumwambia hapana.

Na kile kipanya cha kompyuta kilikuwa kinalia. Mukeshimana alikisikia jana yake akiwa jikoni: kigurudumu chake kikizungushwa kinasema kwii, kwii, sauti ileile ya cherehani yenye kiu. Huruma ikamshika. Asubuhi hiyo alikikuta upande wa kushoto wa kompyuta, akakihamishia kulia, mahali pa vitu vya watu wenye adabu. Akasema bismillahi, akatia tone kwenye kigurudumu, tone kwenye kila kitufe, kisha akakigeuza, akaona kitundu tumboni, akakinywesha nacho. Akakifuta kwa kitambaa safi na kutoka amefurahi.

Kaze alirudi, akaweka mkate mezani, akaingia chumbani. Alipokishika kipanya, mshale kwenye skrini uliruka kama panzi, ukakwama kwenye kona, ukakataa kutoka. Alikigeuza. Mafuta yakamchuruzika mpaka kwenye kifundo cha mkono.

"Mama! Nani alishika mausi yangu?"

"Ni mimi. Nimeitia mafuta. Ilikuwa inalia."

"Mafuta gani?"

"Ya mashini. Ile nzuri, ya kichupa."

Kaze alitokea mlangoni amekishikilia kile kitu kwa waya wake, kinaning'inia. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga. "Ulifanya makusudi," alisema.

"Makusudi? Mana yanjye, Mungu wangu! Kaze!"

"Jumatatu ulisema nini? Ulisema, 'Natamani hiyo kitu ikufe nipumzike.' Sasa imekufa. Pumzika."

Maneno yalimganda Mukeshimana mdomoni, kwa kuwa ni kweli alikuwa ameyasema. Jumatatu alikuwa na magauni ya harusi ya kupinda, na binti yake badala ya kumsaidia alikuwa chumbani, mgongo mlangoni, risasi zinalia. Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta, ndivyo wasemavyo. Huyu wake hakusana wala hakuvukuta. Ukimpa mkasi kitambaa kinatoka kimetafunwa, utafikiri kilipita kwa mbuzi. Mama alikuwa amesema kwa hasira. Nani hajasema neno kwa hasira Jumatatu?

Mezani alikuwapo Munyakazi, baba wa nyumba, ametoka kupakia mizigo kwenye ndege kule Kanombe, macho mekundu kwa usingizi. Alikitazama kipanya kinachodondosha mafuta, akamtazama mkewe.

"Mafuta ni dawa ya chuma, Mama Kaze," alisema kwa upole. "Hii ni plastiki."

"Wewe kunywa chai yako."

"Nakunywa."

Kaze alikuwa ameshampigia simu Shallon, nahodha wa timu yao, na sauti ya Shallon ikasikika chumba kizima. "Ukumbi unatoa kompyuta tu, Kaze. Mausi kila mtu anakuja na yake, ile mkono wake imezoea. Kama hauna, naweka mwingine kwa nafasi yako. Pole sha. Lakini siwezi kupoteza Nairobi."

Simu ilikatika. Kaze alikaa, akaanza kulia kimya kimya, na Mukeshimana, ambaye kwa miaka yote alikuwa hajaona mtu akilia kwa ajili ya mchezo, akaelewa kwamba kumbe haukuwa mchezo. Alikuwa ameipaka mafuta riziki ya mwanawe kwa mikono yake mwenyewe. Na kilichomuuma zaidi ni kwamba mtoto aliamini alifanya hivyo kwa kutaka.

"Vaa," alisema. "Tunaenda kununua ingine."

"Haujui bei yake."

"Bei ni ya mwenye kuuza. Vaa."

Pesa aliyoichukua ilikuwa ya vitenge vya Idi. Hakumwambia mtu, na Munyakazi aliyeiona ikitoka kabatini alijikuna kidevu, akaenda kulala.

*

Duka lilikuwa Sonatubes, ghorofa ya pili, juu ya njia panda ile ambayo pikipiki hazilali. Askari wa mlangoni alimpisha Kaze, kisha akamsimamisha mama yake.

"Mama, unaenda wapi?"

"Ninaenda anakoenda yeye."

Ndani palikuwa na baridi ya mashine na harufu ya vitu vipya. Muuzaji, kijana aliyeitwa Eddie, amenyoa pembeni na kunukia manukato, aliona leso na kandambili akaonyesha ukutani kabla hajasalimiwa. "Mama, chaja za simu ziko kule."

"Tunatafuta mausi," Kaze alisema. "Ya gemu."

"Aa! Ya kaka yako?"

"Ya kwangu."

Eddie aliinua nyusi, akawasha taa za kabati la kioo, na hapo Mukeshimana akasahau kuudhika. Alidhani kipanya ni kipanya, kama chumvi ilivyo chumvi. Kumbe vilikuwa ukoo mzima! Vilijipanga rafu kwa rafu, vyeusi, vyeupe, vya waridi, vingine vimetobolewa mgongo mzima, vingine vina mkia na vingine havina, na taa zinapita ndani yake kijani, bluu, zambarau, kama kwamba vinapumua. "Mashaallah," alisema, na alitamka kwa sauti.

Eddie alitoa kikubwa kuliko vyote, chenye vitufe ubavuni kama kinanda. "Hii ndiyo wakubwa wanatumia. Sikiriza, dada: vitufe kumi na mbili, taa rangi zote. Hata umeme ikienda utaiona."

"Umeme ikienda na kompyuta imeenda," Kaze alisema. "Nataka nyepesi."

Kisha akaanza kuchagua, na mama yake akaanza kumtazama. Kaze alikiinua kila kimoja kwa vidole viwili kusikia uzito. Alikisogeza sikioni, akabonyeza, akasikiliza kitufe kinavyorudi. Aliukunja waya kuona kama ni laini au utamvuta mkono. Alikitelezesha juu ya kitambaa cha meza, polepole, halafu kwa ghafla, halafu akakisimamisha. "Hii nzito." "Hii inabonyeza kwa kuchelewa." "Hii mgongo iko juu sana, kiganja kitachoka." Mukeshimana alishika kidevu. Hivyo ndivyo yeye anavyochagua kitambaa: anakifikicha, anakivuta kwa ulalo, anakinusa, anakitazama dhidi ya mwanga, na wauzaji wanamchukia. Hakuwahi kumfundisha mtoto huyu jambo hata moja likamkaa. Sasa hili alilitoa wapi?

Lakini hakuna kilichofaa. Kila kipanya Kaze alikishika, akanuna, akakirudisha. Kulikuwa na kitu alichokuwa anakificha. Mkono wake wa kulia ndio uliofanya kazi, na ule wa kushoto ulikuwa ndani ya mfuko wa sweta, umebanwa humo kama mwizi.

Eddie alianza kuchoka. "Dada, kama haununui, uache zipumue."

Kaze alimtupia mama yake jicho la haraka. Akageuka, akampa kisogo, akautoa mkono wa kushoto mfukoni.

Ulivyotua juu ya kipanya! Vidole vilijipanga vyenyewe, kifundo kikalegea, na bega lile ambalo Mukeshimana alizoea kuliona limekunjamana juu ya cherehani likashuka mahali pake. Mama aliona, na mengi yakamjia kwa pamoja: kipanya alichokikuta upande wa kushoto, mgongo uliogeuziwa mlango siku zote, mkasi unaotafuna nguo. Mkasi wake ulitengenezwa kwa mkono wa kulia. Alikumbuka pia soksi. Kaze alipokuwa mdogo, wakati wa kula, alimvika soksi mkono wa kushoto na kuifunga kwa uzi, akisema "Imoso! Imoso!" kila mkono ule ulipoelekea sahani, kwa kuwa imoso ni mkono wa kujisafishia na mtoto wa watu hali nao, hapokei nao, hasalimii nao. Samaki mkunje angali mbichi. Alimkunja, na akadhani amekunjika.

"Hii tumbo yake iko upande mbaya," Kaze alisema kwa sauti ndogo. "Zote zimekatwa kwa kidole gumba cha kulia. Hauna ambayo iko sawa pande zote?"

Eddie alicheka. "Unacheza na imoso? Dada, huo si mkono wa chooni?"

Wateja wawili waligeuka. Mkono wa Kaze ulirudi mfukoni haraka, na Mukeshimana akajua mwendo ule umetoka wapi, akaona aibu iliyomchoma mpaka kwenye nyayo. Alisogea mbele, akaweka kiganja juu ya kioo.

"Wewe kijana," alisema. "Huo mkono nimeuzaa mimi. Tafuta kitu chake."

Eddie aliacha kucheka. Akachutama, akavuta droo ya chini kabisa, akapekua, akatoka na kiboksi kilichopigwa vumbi. Ndani mlikuwa na kipanya cheusi, kidogo, hakina taa hata moja, kimenyooka pande zote mbili kama kipande cha sabuni. "Hii hakuna mtu anaitaka," alisema. "Haiwaki."

Kaze alikiinua. Akasikiliza. Akakitelezesha. Akaacha kununa.

"Jaribu pale," Eddie alisema, sasa kwa adabu, akionyesha kompyuta ya dukani.

Kwenye skrini palitokea vidoa vyekundu, kimoja hapa, kimoja kule, na kila kimoja kilikaa kidogo na kupotea. Kazi ilikuwa kukipiga kabla hakijapotea. Kaze alivuta pumzi. Vidoa vikaanza kufa. Vilikufa vinapozaliwa, kushoto, kulia, juu, pembeni, na mkono wenyewe ulikuwa hauonekani kuhangaika, unasogea upana wa kucha, unasimama, unasogea. Mukeshimana ameshona tangu akiwa msichana. Amewaona mafundi wa kila aina, na wachache walikuwa na mkono ambao Mungu mwenyewe aliutia baraka. Hakuwahi kuuona ukiwa karibu hivi, wala kufikiria kwamba unalala nyumbani kwake na kula wali wake. Alihisi machozi na akayaacha yatoke.

Vidoa viliisha. Eddie alikuwa ameegemea kabati. "Yewe," alisema. "Nimekaa hapa miaka mingi. Sijaona."

"Bei gani?" Mukeshimana aliuliza.

Eddie alitaja bei. Mukeshimana alilifuta boksi vumbi kwa kidole, akamwonyesha kilivyokuwa cheusi.

"Wewe mwenyewe umesema hakuna mtu anaitaka."

Ilishuka. Hata katikati ya machozi, Kimironko ni Kimironko.

*

Walisimama kando ya barabara kungoja basi. Kaze alikumbatia boksi. Pikipiki zilipita, na mabinti wawili waliuza karanga.

"Mama," Kaze alisema mwishowe. "Wakati unaitia mafuta, ulisema bismillahi?"

"Nilisema. Kwani mtu anatia mafuta bila kusema?"

Kaze alimtazama usoni. Kisha kicheko kikamtoka puani, akajiziba, kikamshinda. Alicheka mpaka akainama. "Basi haikuwa makusudi," alisema. "Hakuna mtu anaharibu kitu na bismillahi."

"Ndiyo nakuambia tangu asubuhi!"

"Haukuniambia. Ulinyamaza tu."

Mukeshimana alikubali kwamba ni kweli. Akavuta leso, akafunga upya, kazi ya mikono ya mtu anayetafuta neno. "Na wewe kwa nini ulinificha?"

"Ningekuambia nini? Ungeleta soksi."

Ulikuwa ni utani, lakini ulikwenda mahali pake. "Sikia," Mukeshimana alisema. "Chakula utakula na kulia, hiyo ni sunna, sitaibadilisha mimi. Lakini kazi, ufanye na ule Mungu alikupa nguvu. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

Basi lilikuja, wakapanda.

*

Jumamosi Mukeshimana alifunga cherehani mapema, kitu ambacho jirani zake wa safu walikijadili, akavaa gauni lake la Idi iliyopita. Munyakazi alikuwa zamu Kanombe. Alimwomba ampigie simu, ashinde mtoto ama ashindwe.

Ukumbi ulimtisha. Giza, muziki unaogonga kifuani, vijana mamia wamekaa chini na kusimama kwenye viti, na mbele yao skrini kubwa kama ukuta wa nyumba. Alipata kiti cha pembeni. Msichana mmoja alimwuliza kama amepotea. "Oya, hapana," alijibu. "Niko na mtu hapa."

Alimwona Kaze jukwaani, visikizio kichwani, mdogo kati ya wenzake wanne. Juu ya kila meza palikuwa na kamera ndogo, na mara kwa mara skrini ilionyesha mikono ya mchezaji. Mukeshimana hakujua sheria za mchezo hata moja. Aliona kuta, moshi, watu wanakimbia, wanaanguka. Watu wakishangilia alishika moyo bila kujua ashangilie nani. Alichojua ni hesabu iliyokuwa juu ya skrini, ambayo ilipanda pande zote mbili mpaka ikawa sawa, na ukumbi ukaanza kusema kwamba hii sasa ndiyo ya mwisho.

Ya mwisho ilianza vibaya. Shallon alianguka. Wengine wawili wakaanguka kwa pamoja, kisha wa nne, na Kaze akabaki peke yake na watu watatu wanamtafuta. Muziki ukakatwa. Mwenye kutangaza akashusha sauti, na skrini ikaonyesha mkono: mkono wa kushoto, mkubwa kama gari, juu ya kipanya cheusi kisichowaka.

Minong'ono ikapita. Mukeshimana alijikunja kitini, akingoja kicheko.

Mtu nyuma akasema, "Imoso." Mwingine akarudia. Halafu wakawa wengi, wanapiga mapaja, kwa pamoja, "I-mo-so! I-mo-so!" Lilikuwa neno lake mwenyewe, alilolitupa mezani miaka ile yote, na sasa ukumbi mzima ulilipaza kama jina la shujaa. Nywele zilimsisimka. Alitamani kuziba masikio na alitamani wasinyamaze.

Mkono ulitulia. Utulivu ule aliujua: ni wa mtu aliyeshika mkasi juu ya kitambaa ambacho hakiwezi kununuliwa tena. Hupumui. Husogei mpaka jicho likubali. Mmoja akatokea pembeni ya ukuta. Mkono ukasogea upana wa kucha, akaanguka. Wa pili alikuja mbio, akaanguka akiwa mbioni. Wa tatu alijificha, ukumbi ukanyamaza, na Mukeshimana akajikuta anasema bismillahi, bismillahi, kwa midomo mikavu.

Hakuona lililotokea. Aliona mkono ukiruka mara moja, kisha paa la ukumbi likataka kuondoka kwa kelele. Msichana aliyemwuliza kama amepotea alikuwa amemkumbatia. "Wameshinda, Mama! Wanaenda Nairobi!"

"Ni mtoto wangu," Mukeshimana alisema, ila hakuna aliyesikia. Akalisema tena.

Kaze alishuka jukwaani, Shallon amemning'inia shingoni, watu wakimvuta huku na huku, mwenye ukumbi akimfuata nyuma anasema jambo kuhusu Jumatatu na kazi. Alipomwona mama yake alijitoa kwao. Akaja, akasimama mbele yake, jasho usoni, akainama kidogo na kunyoosha mkono wa kulia, ule wa kushoto ukishikilia kiwiko, kama alivyofundishwa kuwasalimia wakubwa.

Mukeshimana hakuupokea.

"Siyo huo," alisema. "Nipe ule ingine."

Kaze alitazama nyuma, akatazama kando. Simu zilikuwa zimeinuliwa kila upande, zinapiga picha. "Mama," alinong'ona, "watu wanaona."

Mukeshimana alinyoosha mkono wake wa kushoto, ambao tangu azaliwe haukuwahi kumsalimia mtu, akaushika wa binti yake, akaubana.

"Waone," alisema.